Duara la Mawe Kwenye Banio

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jogoo wa jirani kujisumbua, mama alikuwa ameshavaa mabuti yake ya mpira. Aliyavaa akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, la kulia kwanza, kisha la kushoto, akihema kila alipoinama, kwa maana mgongo wake ulikuwa umeanza kumletea inda. Alipomaliza, aligonga mlango wa chumba cha binti yake kwa mpini wa reki.

"Kijiti! Amka, mwanangu. Mto haulali."

"Lakini mimi nalala, mama," sauti ilijibu kutoka chini ya shuka.

"Utalala ukishakuwa bibi. Hata mimi naingoja zamu hiyo."

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alikuwa mwembamba kiasi kwamba wenzake shuleni walimbandika jina la Kijiti, na jina hilo likamfuata hadi nyumbani. Alinawa uso kwa maji ya kikombe kimoja, akavaa sweta yenye kiwiko kilichotoboka, akachukua ndoo na brashi ya waya. Mama na binti wakashika njia ya mtoni bila kusema neno. Siku hizo walikuwa wakiyabana maneno kama walivyoyabana mafuta ya taa.

Mama alikuwa mtunza banio. Mahali hapo mto ulibanwa kwa kuta mbili za saruji ili sehemu ya maji igeuzwe na kuingia katika mfereji mfupi, ipite kwenye chujio la chuma, kisha ishuke katika bomba kuu lililopeleka maji kwenye tangi la mji. Kazi ya mama ilikuwa kuondoa majani, matawi na takataka nyingine zote ambazo zingeweza kuziba chujio. Kwa miaka tisa hapakuwa na mtu aliyefungua bomba asubuhi akakosa maji kwa uzembe wa mama huyo. Wauza sokoni walimwita Mama Chujio, naye aliitika kwa jina hilo akiwa ameinua kidevu.

Kiangazi hicho, hata hivyo, mto ulikonda. Maji yaliyokuwa yakifika kiunoni sasa yalifika kwenye vifundo vya miguu. Tena palizuka jambo lililomtoa mama jasho la bure: kila asubuhi, katika kokoto zilizokuwa mbele ya mdomo wa mfereji, alikuta duara la mawe. Lilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili. Mawe yake, mengine makubwa kama mkate mzima, yalikuwa yamepangwa ukingoni kama ukuta wa chini, na ukuta huo uliyakatiza maji machache yaliyobaki yasifike kwenye mfereji.

"Watoto wa siku hizi hawana kazi za kufanya kwao," mama alisema kila alipoliona. Kisha aliinama, akalivunja kwa reki, akayatawanya mawe. Kijiti naye alipewa kazi ya kuyasugua mawe ya chini, kwa sababu yalikuwa yameanza kushika ute wenye punje ndogo nyeupe, kama mbegu za papai zilizochujuka rangi.

"Sugua sawasawa," mama alimwagiza. "Uchafu huo ukiingia kwenye bomba, mji mzima utashika tumbo, na wa kulaumiwa nitakuwa mimi."

Kijiti alisugua. Asubuhi iliyofuata duara lilikuwa limerudi. Wakavunja, wakasugua. Likarudi tena. Siku ya kumi na mbili Kijiti aligundua kwamba maji yaliyokuwa ndani ya duara yalikuwa safi ajabu, hayana jani hata moja, kana kwamba mtu ameyafagia. Alitaka kulisema jambo hilo, lakini mdomo wake ulikuwa mzito kwa usingizi, na wazo lenyewe likamponyoka.

Shuleni alivuta miguu. Herufi za ubaoni zilimchezea machoni. Darasa lao lilikuwa na kiongozi ambaye kila mtu alimwita Kiranja, hata mitaani, hata baba yake mzazi. Alikuwa mvulana mfupi, nadhifu, mwenye beji ya bati iliyong'aa kifuani. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyeitengeneza. Kiranja hakuwa na ubaya na mtu, lakini hakujua kupindisha kanuni.

"Kijiti, umelala mara tatu," alimnong'oneza siku hiyo huku akiandika. "Nimeshaandika jina lako."

"Andika na la bibi yako."

"Bibi yangu hasomi humu," Kiranja alijibu bila kucheka, akafunga daftari.

Mchana huo Kijiti alibaki kufagia darasa peke yake. Alifagia akiwa ameuma meno, na katika kila vumbi lililomwingia puani aliiona ile beji ya bati.

Alipofika nyumbani, alimkuta msimamizi wa maji ameketi kwenye kiti pekee kizima, kofia yake juu ya goti. Mama alikuwa amesimama.

"Mama Chujio, mimi na wewe tumefanya kazi pamoja miaka mingi," msimamizi alikuwa akisema. "Lakini tangi liko nusu. Zahanati imeleta malalamiko mara mbili. Wakileta la tatu, wakubwa wataniuliza kwa nini nimemweka pale mtu asiyeweza kulinda kokoto."

"Mzee, nalivunja kila siku. Tazama mikono yangu."

"Naiona. Lakini mikono haijazi tangi. Nataka kujua ni nani anayeweka mawe. Niletee jina, mimi nitalimaliza."

Msimamizi alipoondoka, mama aliketi kwenye kile kiti, akayatazama mabuti yake. Kisha akasema, "Kesho utatangulia wewe. Mimi nitapitia kwanza tangini kutazama vali. Utakaa juu ya ukuta wa banio, kimya, mpaka umwone huyo mtu. Usimguse, usimwite. Mwone tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Siku ya pili yake, giza likiwa bado halijapasuka, Kijiti alijikunyata juu ya ukuta wa saruji. Alijikaza kweli. Alihesabu mpaka mia, akarudi nyuma mpaka sifuri. Alijifinya mkono. Kisha akalaza shavu juu ya magoti ili apumzishe shingo tu, dakika moja, na usingizi wa pono ukamchukua mzima mzima.

Alishtushwa na mabuti ya mama yakikwaruza kokoto. Kumekucha. Duara lilikuwa pale mbele yake, limekamilika.

"Umemwona?" mama aliuliza, akihema kwa kupanda kilima kutoka tangini.

Kijiti aliruka chini kutoka ukutani. Aliutazama uso wa mama, macho yaliyozama, midomo iliyokauka, na akaona kwamba hawezi kumwambia mwanamke huyo kuwa amelala.

"Nimemwona."

"Nani?"

Jina likatoka kabla hajalipima. "Kiranja. Yule mtoto wa fundi wa kuchomelea."

Mama alishusha pumzi kana kwamba ametua gunia. "Kumbe," alisema. "Na beji yake yote ile!"

Mambo yalikwenda mbio kuliko Kijiti alivyodhani. Msimamizi alipeleka habari shuleni asubuhi ileile. Wakati wa gwaride, mwalimu mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, alimwita Kiranja mbele.

"Umekuwa ukiziba maji ya mji?"

"Hapana, mwalimu."

"Umeonekana kwa macho."

"Mwalimu, sikuweka mawe. Alfajiri huwa nawasha moto wa baba wa kupashia vyuma."

"Nani mwingine aliyekuwepo?"

"Baba peke yake."

Fundi aliitwa, akaja na aproni yake ya ngozi. Akasema kwamba mwanawe alikuwa naye karakanani. Lakini ni baba gani asiyemtetea mwanawe? Watu walitikisa vichwa. Beji ilivuliwa. Ikaamuliwa kwamba kila alasiri, kwa muda wa wiki mbili, mvulana huyo aende mtoni akachukue mawe ya kwenye kokoto na kuyapandisha ng'ambo, juu ya ukingo.

Kutoka siku hiyo hakuna aliyemwita Kiranja. Walimwita Mwashi.

"Mwashi, utatujengea lini ghorofa?"

"Mwashi, saruji imepanda bei, eh?"

Yeye alipita na kichwa kimeinama, na shati lake ambalo zamani lilikuwa halina kunyanzi sasa lilikuwa na doa la tope begani. Kijiti alikuwa akicheka pamoja na wenzake siku ya kwanza. Siku ya pili kicheko kilimkwama. Siku ya tatu aliacha kupita njia ya uwanjani, akawa anazunguka nyuma ya vyoo ili asikutane naye.

Ajabu ni kwamba duara halikukoma. Mvulana aliyapandisha mawe alasiri, na alfajiri mengine yalikuwa yamepangwa.

"Ama kweli ana kichwa kigumu kama nyundo ya baba yake!" mama alisema. Akalivunja tena, taratibu zaidi kuliko jana, akisimama katikati kushika kiuno. Kijiti alisugua ute. Kila siku ulikuwa mchache kuliko wa siku iliyotangulia.

Siku ya sita mwalimu mkuu alitangaza kwamba kama mchezo huo utaendelea hadi mwisho wa wiki, mvulana huyo atafukuzwa shule. Jioni hiyo Kijiti alitumwa karakanani kuchukua bawaba ya mlango. Alimkuta fundi ameketi juu ya pipa, kifaa chake kimezimwa, ingawa kazi zilikuwa zimerundikana ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti wa Mama Chujio." Fundi alimpa bawaba bila kumtazama. Kisha, kana kwamba anazungumza na pipa lake, akasema, "Mwanangu hajawahi kunidanganya. Juzi alipovunja kioo cha barakoa yangu, alinijia nacho mkononi kabla sijakitafuta. Sasa nakaa hapa najiuliza, je, nimeacha kumjua? Jambo hili linanichosha kuliko chuma."

Kijiti alirudi nyumbani akiwa ameshika bawaba kwa mikono miwili, na usiku huo, ingawa alikuwa amechoka hoi, usingizi ulimkataa.

Alfajiri aliamka kabla ya kugongewa. Alimwachia mama nafasi ya kulala kidogo zaidi, akaenda peke yake. Safari hii hakukaa ukutani. Alichuchumaa nyuma ya kichaka cha mafunjo, hatua sita kutoka kwenye kokoto, akangoja. Anga ilianza kupauka upande wa vilima.

Kwanza alisikia sauti ya jiwe likisukumwa juu ya jiwe. Kisha akaona kitu ambacho alidhani ni paka aliyelowa. Kilikuwa na rangi ya mwamba wa mtoni, kijani kilichochanganyika na kahawia, na kilikuwa kimeupa mto kisogo. Kilijisogeza, kikaegemea jiwe kubwa, kikalisukuma kwa miguu ya nyuma, kikapumzika, kikasukuma tena. Jiwe likapanda ukingoni, likatulia mahali pake.

Ndipo kikageuka, na Kijiti akaona mdomo mpana, macho mawili makubwa yenye duara la dhahabu, na koo lililokuwa likipanda na kushuka kwa uchovu.

Alikuwa chura.

Kijiti hakuwa amewahi kuona chura wa namna hiyo. Kiwiliwili chake peke yake kingejaza sinia. Miguu ya nyuma ilipojinyoosha, ilikuwa mirefu kama mkono wa Kijiti kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Naye alifanya kazi kama mama: kwa kuinama, kwa kuhema, kwa kusimama katikati. Alitoa jani moja lililoelea ndani ya duara. Akalizunguka duara lote kana kwamba analikagua. Kisha akaketi katikati ya maji yake safi, juu ya yale mawe ya chini, akatulia juu ya punje nyeupe.

Brashi ya waya ilimtoka Kijiti mkononi. Zile punje hazikuwa uchafu. Yalikuwa mayai. Siku kumi na tisa yeye na mama walikuwa wakibomoa nyumba ya kiumbe huyo asubuhi, naye akiijenga upya kabla ya asubuhi nyingine. Na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, amekuwa akiwasugua watoto wa chura huyo kwenye mawe.

Mabuti yalisikika njiani. Chura aliruka mara moja, mruko uliovuka banio zima, akazama katika maji ya kina. Mama akatokea, reki begani.

"Mbona umeniacha nilale? Haya, lile pale tena. Shika brashi."

Aliinua reki.

"Mama, usivunje!"

"Nini?"

"Usivunje. Si watu. Ni chura. Nimemwona sasa hivi, mkubwa kama paka. Yale tunayosugua ni mayai yake."

Mama aliichukua kauli hiyo kama mtu anayepewa chakula asichokijua. Aliishusha reki, akapiga magoti kwenye kokoto, akatia mkono majini na kuligusa jiwe moja kwa ncha ya kidole. Aliponyanyua uso, hakuwa akitazama jiwe tena; alimtazama binti yake.

"Na yule mtoto uliyemwona?"

Kijiti alikuwa ameliandaa jibu usiku kucha, na lilikuwa jibu zuri. "Labda palikuwa na giza, mama. Labda nilifananisha."

"Ulimfananisha na nani? Ulimwona mtu?"

Kijiti alitazama vidole vyake vya miguu.

"Sikumwona mtu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimelala."

Alitegemea kofi. Mama hakumpiga. Aliketi juu ya ukuta wa saruji kwa uzito mkubwa, akaiweka reki chini, akafunika uso kwa viganja vilivyopasuka. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Vaa viatu vyako. Tunaanzia kwa fundi. Kisha shuleni. Kisha kwa msimamizi. Utasema wewe, kwa mdomo wako. Mimi nitasimama nyuma yako, basi."

"Mama, wakikufukuza kazi?"

"Wanifukuze nikiwa na uso."

Karakanani, mvulana alikuwa akipuliza moto, na fundi alikuwa akichagua vyuma. Kijiti alisimama mlangoni na kuyasema yote. Hakuacha kitu: usingizi, daftari la waliolala, kinyongo, jina. Alipofika kwenye chura, alimalizia kwa kunong'ona.

Fundi aliweka chuma chini. "Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia." Mvulana alimgeukia Kijiti. "Nimebeba mawe siku sita. Bega hili haligusiki. Wameniita Mwashi, hata watoto wa chekechea. Na kumbe mwashi mwenyewe ni chura!"

"Nisamehe."

"Sijui. Leo siwezi." Akageuka kupuliza moto, kisha akageuka tena, na udadisi ukamshinda. "Mkubwa kama paka kweli? Paka wetu, au paka wa mwuza samaki?"

"Wa mwuza samaki."

"Mh!" alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, bega lake moja lilitikisika kidogo kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

Kwenye gwaride Kijiti alirudia maneno yaleyale mbele ya shule nzima. Kutoka mstari wa nyuma mtu alipiga mluzi. Mwalimu mkuu alinyamaza hadi mluzi huo ukaona haya. Kisha alimwita mvulana, akambandika beji kifuani kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilikuhukumu kwa ushahidi wa mtu mmoja, na sikwenda kuutazama mto," alisema kwa sauti ile isiyohitaji kipaza sauti. "Mimi ni mzee na ni mwalimu, na nimekosa. Kiranja, niwie radhi."

Alipofika mtoni saa nne, akiwa na msimamizi wa maji, mama, fundi na watoto wawili, mzee huyo alivua miwani yake na kuifuta mara mbili. Chura alikuwa amepanda juu ya mwamba ng'ambo, akiota jua.

"Nilidhani wamekwisha hapa," alisema polepole. "Huyu ni wa jamii ya vyura walio wakubwa kuliko wote duniani. Tulipokuwa wadogo, walikuwa katika kila maporomoko. Watu wakawatega kwa nyavu, wakawala, wakawauza. Kisha miti ya ukingoni ikakatwa. Sijamwona mmoja kwa miaka ishirini. Hana mfuko wa sauti kooni, kwa hiyo halii kama vyura wengine. Ndiyo maana hamkumjua. Hujenga bwawa lake kwa mawe, akayalinda mayai. Tukimkosa huyu, sijui kama tutapata mwingine."

Msimamizi alikuna kichwa. "Mwalimu, chura ni chura. Mimi nina zahanati."

"Na mimi nina tangi," mama alisema. "Lakini nimeupiga vita mto huu siku kumi na tisa, na sijashinda hata siku moja. Tutafute njia nyingine, mzee. Mgongo wangu unakuomba."

Fundi alikuwa ameshaingia majini, suruali imekunjwa hadi magotini, akipima kwa hatua. "Tatizo ni mdomo wa mfereji kuwa hapa," alisema. "Mapipa mawili yaliyopasuliwa na kuungwa yatatoa mlizamu mzuri wa kupitishia maji. Tuuanzie kule juu, hatua nane, maji yapite kando ya huyu bwana bila kumgusa. Chujio nitalisogeza. Kazi ya siku mbili."

"Huyu bwana au huyu bibi?" Kiranja aliuliza.

"Muulize mwenyewe, mimi ni fundi wa vyuma."

Ilichukua siku nne, si mbili. Mlizamu ulihitaji kushikiliwa na mawe pande zote, na mawe hayo yalikuwa juu ya ukingo, mahali Kiranja alipokuwa ameyapandisha. Mwalimu mkuu aliamua kwamba siku zilizobaki za ile adhabu zihamie kwa Kijiti. Aliyashusha moja moja, akiyashikilia tumboni, na jioni ya kwanza alijua kwa bega lake mwenyewe kile alichokuwa amemfanyia mwenzake. Siku ya tatu Kiranja alikuja, akasimama kando.

"Unabeba vibaya," alisema. "Kunja magoti, si mgongo. Utavunjika kama kijiti kweli."

Akashika upande wa pili wa jiwe. Hakusema kwamba amesamehe, na Kijiti hakumwuliza.

Maji yalipoingia kwenye chujio lililosogezwa, yalitoa sauti nzito ya kujaza. Msimamizi alisikiliza, akavaa kofia yake, akaenda zake tangini bila kuaga, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa shukrani. Kando ya mlizamu, duara la mawe lilibaki kama lilivyo, na ndani yake punje nyeupe, chache, zilikuwa zimeanza kuingia doa jeusi katikati.

Mama aliketi juu ya ukuta, akavua buti la kulia, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akalivua na la kushoto. Kijiti aliketi karibu naye, mikono ikimwuma.

"Mama, unanikasirikia bado?"

"Nimechoka mno kukasirika." Mama alinyoosha miguu. Kisha akamgeukia, na uso wake ukawa mkali kwa namna ambayo Kijiti aliijua. "Lakini sikiliza, nitalisema mara moja. Kuchoka si kosa. Mimi nachoka, wewe unachoka, hata yule aliye majini anachoka. Siku ile ungeniambia, mama, nimelala, ningefoka, kisha ningekaa mwenyewe kulinda, na mambo yangekwisha. Wewe uliona uongo ni mwepesi kuliko neno hilo moja. Ukautua, akaubeba mtoto wa mwenzio, akaubeba baba yake, akaubeba na mwalimu. Usinitwishe tena kitu cha namna hiyo, wala usimtwishe mtu mwingine."

"Sitarudia, mama."

"Na mimi nina langu. Nilikuuliza umemwona nani, kwa kuwa nilitaka jina. Nikafurahi kulipata. Nimevunja na kuvunja kwa bidii yangu yote, na sikuinama hata mara moja kutazama ninachokivunja. Bidii isiyotazama nayo ni ubaya, mwanangu. Tutajifunza sote wawili."

Akaweka mabuti kando yajikaushe. "Kesho usiamke alfajiri," akaongeza. "Kwa mlizamu huu, chujio litangoja mpaka saa mbili. Lala."

Kijiti alitaka kumjibu, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshaegemea mkono wa mama, na safari hii hakuna aliyemwamsha.